Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji

Yah: Kuyalinda majengo ya zamani ya makutano ya stesheni na Barabara ya Lumumba

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Reli ya kisasa (SGR) ya kutoka Tabora kuja Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506, itabadili mahali abiria wanaposhukia na mahali wanaponunua bidhaa. Kwa hiyo naiomba ofisi yako, kabla ya vibali vya kubomoa kuanza kuombwa, iyaorodheshe majengo ya zamani yanayoyazunguka makutano hayo na kuyatungia sheria ndogo.

Makutano hayo ni mtoto wa reli. Biashara kubwa ya ukanda huu wa ziwa ilikuwa Ujiji, hadi Wajerumani walipoamua kuifikisha reli yao kwenye ghuba ya Kigoma, yenye kina cha kutosha meli, mwaka 1914. Maduka yakaifuata reli, jambo ambalo sisi wenye asili ya Ujiji hatujalisahau. Leo magunia ya dagaa, madumu ya mawese na vitenge hupita hapo, bajaji zikigombea abiria, na burudani iko kwenye vibanda umiza vya mpira na filamu.

Mfano wa mbali utaeleza hofu yangu. Uwanja wa Times Square wa New York, Marekani, hapo awali uliitwa Longacre Square, nao ulikuwa mahali pa wauza magari ya farasi na hatamu zake. Mfanyabiashara wa maonyesho ya jukwaani, Oscar Hammerstein, alifungua ukumbi wake wa Olympia hapo mwaka 1895, na mwaka 1904 gazeti la New York Times lilipohamia, jina likabadilishwa na treni ya chini ya ardhi ikaanza kazi. Kumbi za maonyesho zikajaa pande zote. Hata hivyo, mwaka 1982 kumbi tano, zikiwemo Morosco na Helen Hayes, zilibomolewa kupisha hoteli moja, ingawa wasanii waliandamana kupinga. Baada ya hasara hiyo ndipo jiji lilipoziwekea kumbi nyingine zaidi ya 20 ulinzi wa kisheria. Jiji tajiri kiasi kile lilichelewa. Sisi hatuna kumbi tano za kupoteza kwanza ndipo tujifunze.

Pengine utajibiwa na wasaidizi wako kwamba sheria ipo. Ipo, lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na yaliyojengwa baada ya hapo husubiri tangazo la Waziri. Stesheni yetu na maduka yaliyoifuata ni ya karne ya 20, hivyo umri wake pekee hauyakingi. Halmashauri, kwa upande wake, ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, zikipata idhini ya Waziri.

Siombi maduka yagandishwe. Mwenye duka aachwe apanue stoo yake ya nyuma, abadili bati na kuweka umeme mpya, mradi kuta za mbele, baraza na milango inayotazama barabara vibaki kama vilivyo. Wamachinga nao washirikishwe tangu mwanzo, kwa kuwa wao ndio wanaoyafanya makutano hayo yawe makutano.

Naomba orodha hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ili wenye majengo waweze kuipinga au kuiongeza, kisha ifikishwe kwenye Baraza la Madiwani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Ujiji