Kabla hatujaonana Jumamosi, someni hii kwanza

Habari za jioni dada zangu, meseji za inboksi kuhusu muwasho na uchafu ukeni zimekua nyingi kwaiyo bora niandike hapa wote tuone. Uke una bakteria wake wazuri, laktobasili, wanatengeneza asidi ndo maana pH, yaani kipimo cha uchachu, inakaa kama 3.8 hadi 4.5 na wadudu wabaya wanashindwa kutamba. Ukiingiza sabuni au maji ya ndimu mule ndani unawavuruga walinzi wako mwenyewe, wale wengine wanazaliana, ndo unaona majimaji ya kijivu na shombo ya samaki hasa baada ya tendo. Hiyo ni bakteria wabaya wamezidi, sio fangasi jamani!! Fangasi inatoka mabonge meupe kama maziwa mgando, inawasha balaa mpaka mashavu ya nje yanavimba na kuchanika, na inapenda kuja ukitoka kumeza antibayotiki, ukiwa mjamzito au sukari ikiwa juu. Dawa zake tofauti kabisa, msinunue kwa kubahatisha. Majimaji yakiwa ya njano kijani yenye povu yaweza kua trikomonasi, ugonjwa wa zinaa, hapo na baba watoto anatibiwa.

Kingine mama zetu wanakificha sana, wamekoma hedhi halafu ngozi ya nje ya uke inakua nyeupe, nyembamba kama karatasi, inawasha usiku kucha. Mara nyingi ni likeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi, haiambukizi, inatulizwa na krimu ya steroidi anayoandika daktari, ila ikiachwa kwa wachache inageuka saratani. Waleteni Jumamosi saa 9, nitakaa nao pembeni.