Mche ukifa msiubadilishe kimyakimya

Mhariri, naomba nafasi kidogo kuhusu malezi maana wazazi siku hizi tunahubiri sana. Mtoto anaambiwa vumilia, sema ukweli, saidia wenzako, anaitikia ndio halafu huyoo anarudi kwenye katuni. Mi naona tabia inaingia vizuri mtoto akipewa kitu chenye uhai akihudumie mwenyewe.

Chukua kopo linaloonyesha ndani, jaza pamba iliyolowa, bana mbegu ya maharage kati ya pamba na kopo ili aione. Siku za kwanza hamna kitu na mtoto atataka kuichokonoa, mwambie asubiri, baada ya siku kadhaa mzizi unatoka kwanza ndo shina linafuata, na ukililaza kopo ubavu mzizi unajikunja wenyewe kuelekea chini, hapo hata mtu mzima anakodoa macho. Ikishachipua hamishieni kwenye udongo na kumwagilia iwe kazi yake.

Sasa hapa ndo penyewe. Ukimuuliza umemwagilia atasema ndio hata kama hajagusa maji, usigombane naye, mwambie achomeke kidole kwenye udongo halafu akujibu tena. Hana pa kukimbilia na wala hajaitwa muongo mbele za watu. Akizidisha maji nayo ni shida, mizizi inakosa hewa, inaoza, majani yanageuka njano, basi anaelewa kwamba hata ukikipenda kitu lazima ujue kinahitaji nini.

Na mche ukifa kuna wazazi (nawajua, siwataji) wanapanda mwingine usiku ili mtoto asilie. Jamani! Umetoka kumfundisha ukweli afu wewe ndo wa kwanza kumdanganya. Mwache alie, mkae mwangalie umekufa kwa sababu gani, apande tena.

Sisimizi nao wakipita ukutani kwa mstari, apitishe kidole kilicholowa katikati ya njia yao muone wanavyohangaika, maana wanafuata harufu walioacha wenzao, mpaka waipate njia tena. Usianze kumwambia umoja ni nguvu palepale, unaharibu utamu, muulize tu anadhani wanafanyaje. Na mdudu akimchukua kumwangalia amrudishe alikomtoa, mambo ya kumfunga uzi mguuni hapana, hilo halina mjadala.

Najua kuna watakaosema hawana bustani, kopo dirishani linatosha kabisa.

Ombi langu Mhariri, kwenye ukurasa wa watoto wekeni zoezi moja la hivi kila wiki, ila maelezo mwandikieni mtoto mwenyewe, maana tukisoma sisi wazazi tutalifanya wenyewe halafu yeye awe mtazamaji.

Mzazi, msomaji wenu