Salamu za shukrani kutoka kwa watoto wa marehemu Mama, Mwananyamala na Bweni, Pangani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa Mama akamwacha kwetu miaka mingi, kisha akamchukua kwa wakati alioutaka Mwenyewe. Sisi watoto, wajukuu, ndugu na jamaa wa Mwananyamala na Bweni tunawaamkia nyote kwa heshima. Assalamu alaykum, na kwa wasio Waislamu, shikamooni na poleni, maana msiba huu ulikuwa wenu pia. Jina la Mama mnalijua, na wengi mna majina mengine mliyompa kwa sababu ya sinema alizoigiza. Humu tutamwita Mama.

Presha alikuwa nayo tangu zamani, sukari ikaja baadaye. Kama wenzake wengi wa fani, dawa alimeza akiwa nyumbani, akiingia kambini kurekodi anasahau. Siku daktari wa Muhimbili alipotueleza kwamba figo zote mbili zimechoka, na kwamba itabidi damu yake isafishwe kwa mashine mara tatu kila wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi, Mama aliuliza kitu kimoja tu: "Na Jumatano je? Jumatano nina shuti." Tulicheka palepale mbele ya daktari. Tulipofika nje hakuna aliyecheka tena.

Wapo waliotuuliza kwa nini hatukumpandikiza figo, wakati Muhimbili wanaifanya kazi hiyo tangu Novemba 2017. Watoto tulijitokeza kupimwa, lakini moyo wake ulikuwa umeshadhoofika, madaktari wakatushauri tusimwingize kwenye upasuaji. Ikabaki mashine. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa figo anajua kwamba mashine haikupi likizo: ukiruka siku moja miguu inavimba, ukiruka mbili pumzi inakata. Tuliuza kiwanja cha Bunju, tukauza gari, tukafika mahali pa kuuza makochi. Kuna wiki Mama alienda kitandani akiwa na pumzi za kuhesabu kwa sababu hatukuwa na hela ya safari iliyofuata, naye alikuwa akituambia amechoka tu na joto la Dar. Siku zile ndizo zilizotuvunja, kuliko hata siku ya mazishi.

Kuomba mchango tuliona haya. Mama mwenyewe alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Tulipotangaza, pamoja na dua zenu yalikuja pia maneno: staa mzima anaomba? Hela za sinema kapeleka wapi? Mwenye kuuliza hivyo hatumlaumu. Ila kwa heshima yake aliyelala Bweni, tueleze.

Mama alianza jukwaani miaka ya 1980, enzi za vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam, ambapo kiingilio kimoja kilikupa ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarab mpaka usiku wa manane. Malipo yalikuwa nauli na sahani ya ubwabwa. Mume wake wa kwanza alimpa sharti achague, jukwaa au nyumba. Mama akakusanya kanga zake. (Magazeti ya udaku yaliandika mengi juu ya ndoa ile, mengine ya kutunga. Tunachojua sisi ni kwamba mzee yule alikuja msibani, akakaa kwenye mkeka wa nyuma, akatoa ubani wake bila kujitambulisha. Tunamshukuru kwa dhati.) Televisheni ilipofika Tanzania Bara mwaka 1994, waigizaji wa jukwaani ndio waliochukuliwa, na sura ya Mama ikaingia sebuleni kwenu. Kuanzia miaka ya 2000 zikaja sinema za kanda, halafu za CD, sehemu ya kwanza na ya pili, zikijaa kwenye maktaba za video na vibanda umiza, vile vya kuonyeshea sinema mitaani, kutoka Mbagala hadi Goma.

Na hapo ndipo hela ilipopotelea. Mwigizaji alikuwa akilipwa mara moja, kwa mkupuo, akishamaliza kurekodi. Mtayarishaji naye alikwenda Kariakoo kumuuzia msambazaji kopi mama pamoja na haki zake zote, na mlango ukafungwa. Ikiuzwa nakala moja au laki moja, ikirushwa runingani kila Sikukuu, ikiwekwa mtandaoni ikatazamwa na dunia nzima, aliyelia mbele ya kamera hapati senti. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwapo, COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ipo, na mwaka 2013 zikaja stika za Mamlaka ya Mapato (TRA) juu ya makasha ya CD. Lakini aliyetia saini karatasi ya kuuza kila kitu hana tena cha kudai. Wachomaji wa CD feki nao walikuwa wakiuza sinema mtaani kabla ya uzinduzi wake. Mama hakuponda mali. Hakuwahi kuipata.

Sasa tuseme lililotokea usiku ule wa tangazo. Simu ya dada yetu, aliyekuwa akipokea michango, haikunyamaza hadi adhana ya alfajiri. Ilikuwa shilingi elfu moja, elfu mbili, elfu tano. Kijana mmoja wa Mbeya akatuma elfu tatu na ujumbe: "Hii ni ya ile CD ya kuchoma niliyonunua stendi. Mama anisamehe." Dada akamsomea Mama. Baada yake akaja mwingine, akaandika deni la kanda aliyoazima maktaba ya video asiirudishe. Hatujui nani alimwambia nani, lakini kufika asubuhi watu walikuwa wanalipa madeni: ya kibanda umiza walichochungulia dirishani, ya kopi waliyorushiana kwa flashi, ya stika za WhatsApp zenye ule mdomo wake wa kubetua. Mama alizisikiliza zote. Akasema, "Kumbe walikuwa wanajua!" Tulikuwa hatujamwona akilia kwa machozi ya kweli, maana ya kuigiza alikuwa nayo karibu. Usiku ule alilia ya kweli, na asubuhi akakubali kupelekwa kwenye mashine. Kwa michango ile aliishi miezi mingi ambayo kwa hesabu zetu hakuwa nayo. Alimwona mjukuu wake akizaliwa, akafunga Ramadhani zile siku chache alizoruhusiwa. Alhamdulillah.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika salamu hizi si wa tumbo lake. Baba yetu alikuwa mgane mwenye watoto wadogo alipomuoa, na Mama akatulea huku akiigiza mama wa kambo katili kuliko wote Tanzania. Sokoni aliwahi kurushiwa nyanya mbovu kwa mambo aliyomfanyia mtoto kwenye sinema. Gauni lake lenye zile nyanya alilifua, akapika, akatupakulia sisi kwanza. Wanaouliza kama ndani alikuwa vile, tumejibu.

Mauti yalimfika usiku wa kuamkia Ijumaa, hapo Muhimbili, akitamkishwa shahada na muuguzi. Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Kina mama wa mtaa walimwosha na kumkafini usiku uleule, na kabla ya alfajiri tukawa barabarani kuelekea Pangani kupitia Segera na Muheza. Muheza tulikuta watu wamesimama pembeni ya barabara gizani wakituonyesha mikono. Pangani mjini magari yalikuwa yameshajaa hadi nje ya gati, na Bweni iko ng'ambo ya mto. Wafanyakazi wa kivuko walimvusha Mama kwanza, halafu wakarudi, wakaenda, wakarudi, bila kupumzika wala kula, mpaka mtu wa mwisho akavuka. Imamu akakubali kusubiri kidogo ili waliokuwa ng'ambo wawahi kumsalia. Wasanii wa kike waliotaka kufika kaburini walielezwa desturi ya Bweni, wakaazima mabuibui, wakakaa na kina shangazi mpaka kisomo kikaisha. Wapiga picha wa televisheni za mtandaoni walizima kamera makaburini walipoombwa mara moja tu, na hilo siku hizi si jambo dogo.

Wapo tusioweza kuwapita juu juu. Kijana wa bajaji wa kijiwe cha pale Mwananyamala, aliyemchukua Mama kwenda na kurudi kwenye mashine miezi yote ile, akikataa nauli na kudai kwamba anaelekea hukohuko. Alikuwa haelekei. Muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu, aliyeficha peremende mfukoni kwa ajili ya mdomo mkavu wa Mama, na aliyekuwa zamu usiku ule wa mwisho. Na mwigizaji mwenzake, ambaye kwenye sinema walichukiana tangu kanda hadi CD: alikuja kila wiki kumsuka nywele zilizobaki, akimsimulia umbea wa mjini kana kwamba kesho wanaingia kambini. Watatu hawa wametuomba tusiwataje majina. Mungu anayajua.

Kwa haraka, na kwa uzito uleule, tunawashukuru madaktari, wauguzi na wahudumu wa Muhimbili, mashekhe na maimamu wa Mwananyamala, Pangani na Bweni, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe wake, kikundi cha kufa na kuzikana, kina mama wa maulidi, majirani waliotupa baraza, maji na umeme, wapangaji wetu waliolala nje ili wageni walale ndani, vijana waliochimba kaburi na waliobeba masufuria, waigizaji, waongozaji, watayarishaji, wapiga picha na watu wa mavazi na vipodozi, wakongwe na wachanga, vyama na mashirikisho ya wasanii wa filamu, vituo vya redio na runinga, waandishi, wenye mabasi waliotoza mafuta tu, ndugu zetu wa Unguja, Mombasa, Bujumbura, Bukavu na Goma, Waswahili wa Muscat na wale wa London na Minneapolis waliochangishana kwenye makundi yao, mapadri na wachungaji waliokuja kuhani, na wanafunzi waliotuma mia tano. Hakuna mia tano tuliyoidharau.

Tunaomba radhi, na hapa tunaomba sana. Wengi mlitegemea kumuaga Mama pale viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, kama tulivyomuaga mwigizaji Kanumba Aprili 2012. Mama alikuwepo siku ile, aliona watu wakizimia kwa msongamano, akarudi nyumbani akatuambia, "Mimi nizikeni kabla hamjatangaza." Ni wasia, na ni mafundisho ya dini yetu pia kuharakisha maiti. Mliofika Mwananyamala asubuhi mkakuta turubai na mikeka mitupu, mliotoka Dodoma na Mwanza mkakuta kaburi limeshafukiwa, mliopiga simu zikaita bila kupokelewa, mliokaa kwenye msiba wetu bila kuletewa hata chai: mtuwie radhi. Msiotajwa humu ndio wengi kuliko waliotajwa, na yawezekana mlitufaa kuliko wao. Msituwekee kinyongo. Mama alikuwa akitazama majina mwisho wa sinema hadi la mwisho, na lililorukwa lilimuuma hata kama si lake. Tunajua kuruka mtu ni kosa la namna gani.

Fedha zilizobaki kwenye mfuko wa matibabu, kwa makubaliano ya familia na kamati ya michango, zimekabidhiwa kwa mama aliyekuwa akilala kitanda cha jirani na Mama kwenye mashine, ambaye bado anaendelea na matibabu. Atakayependa kuendelea kuchangia amfikirie yeye, au mgonjwa yeyote wa figo aliye karibu naye. Namba ya dada imeshafungwa, na anayeomba pesa kwa jina la Mama sasa hivi ni tapeli.

Khitma ya arobaini itasomwa Bweni, nyumbani kwa mjomba, baada ya sala ya Ijumaa, inshallah. Kivuko kinavusha kutwa, chakula kipo, na wageni wa mbali mtalala kwa majirani. Aje kila anayeweza. Asiyeweza amsomee Fatiha popote alipo.

Wabillahi taufiq.