Swali la mbunge wetu lilijibiwa Bungeni, boma bado halina bati

Mhariri salamu,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na kila nikipita pale kijijini nikaliona lile boma la zahanati, kuta tupu zisizoezekwa, limeota majani mpaka ndani naona kabisa kwamba nikinyamaza na mimi nakuwa nimeshiriki.

Mimi ni mstaafu, nimefanya kazi masjala ya halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa miaka mingi, tangu enzi za mashine ya kuchapa mpaka kompyuta zikaja. Sasa watu wengi wakiangalia Bunge kwenye TV asubuhi wanamuona naibu waziri anasimama, anasema "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo", anasoma dakika mbili anakaa, basi wanadhani hilo jibu limetoka kichwani kwake au limeandikwa Dodoma usiku wa jana. Hapana jamani. Lile swali mbunge aliliandika mapema akalipeleka Ofisi ya Bunge, likapewa namba, likaenda wizarani, na kama ni la zahanati au shule ya msingi linapita TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, linashuka mkoani kwa RAS, yaani katibu tawala wa mkoa, mkoani wanamletea mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi anampa mkuu wa idara, na mwisho kabisa linamfikia mtu kama mimi, atafute faili.

Niwasimulie siku moja ilivyokuwa. Mchana saa nane hivi imeingia imeili, juu imeandikwa kwa herufi kubwa SWALI LA BUNGE na chini yake HARAKA, majibu yawe mkoani kesho kabla ya saa nne asubuhi. Mbunge anauliza ni vijiji vingapi kwenye jimbo lake vina maboma ya zahanati yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi na hayajakamilika, na ni lini serikali itayakamilisha. Mistari mitatu tu. Mkuu wa idara hakutuma mtu, alikuja mwenyewe masjala akasimama mlangoni, leteni faili la maboma. Tukalitoa, limejaa vumbi, ndani kuna barua za watendaji wa vijiji za miaka minne wanaomba bati na mbao, nyingine zimeandikwa kwa mkono na mihuri imefifia, na hakuna hata moja iliyokuwa imejibiwa. Siku ile ndiyo zikasomwa zote. Kijana mmoja akapanda pikipiki kwenda kuangalia maboma mawili ambayo ofisini hakuna aliyekuwa na uhakika kama yamefika kwenye lenta au bado, huku sisi tunawapigia simu watendaji wa kata mmoja mmoja, umeme ukakatika tukawasha jenereta, tumetoka pale saa tatu usiku.

Wananchi waliandika miaka minne faili likabaki limefungwa, mbunge akaandika mistari mitatu likafunguliwa siku hiyo hiyo. Nililiona kwa macho yangu na ndiyo sababu sikubaliani hata kidogo na wanaosema maswali ya Bungeni ni maneno matupu. Swali lililoandikwa lina namba, lina jina la aliyeuliza, lina jina la wizara na tarehe ya kujibiwa, halafu jibu linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na linabaki pale. Mtumishi hata awe mzembe vipi, akishajua kwamba alichokiandika kinaenda kusomwa na waziri mbele ya taifa zima, lazima ahakikishe namba zake mara mbili.

Na wala mbunge haombi fadhila hapo. Katiba yetu ibara ya 63 imesema Bunge ndilo litaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na jambo la kwanza kabisa lililotajwa kwamba Bunge laweza kufanya ili kutimiza kazi hiyo ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. La kwanza kabisa! Sisi wananchi tunakumbuka zaidi mambo makubwa, kama Februari 2008 kamati teule ya Dkt. Mwakyembe iliposoma taarifa ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, nchi nzima ilisimama. Lakini mambo ya namna ile hayatokei kila mwaka, swali dogo la maandishi linaulizwa kila siku ya kikao, na ndilo linalomfikia mganga wa zahanati na mwalimu mkuu wa shule ya kijijini.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Kijiji ninachoishi sasa hivi tulianza kujenga zahanati kwa sababu serikali yenyewe ilituambia. Kulikuwa na ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa mwaka 2007 mpaka 2017, kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Tulichangishana, wenye mikokoteni wakabeba mawe, akina mama wakasomba maji kutoka bwawani, boma likasimama mpaka lenta. Makubaliano yalikuwa wananchi wakifika hapo serikali inapaua. Mbunge wetu aliuliza Bungeni, namshukuru kwa hilo, na jibu likasomwa kwamba boma hilo litatengewa fedha katika bajeti ya mwaka wa fedha unaofuata. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano, watu wakapiga makofi. Mwaka huo wa fedha ukaja ukapita, ukafuata mwingine. Mke wa mwanangu alijifungulia njiani juu ya bodaboda usiku akipelekwa kituo cha afya, mtoto mzima tunamshukuru Mungu, lakini ile safari ya usiku hakustahili mwanamke yeyote kuifanya wakati kuna kuta za zahanati mita mia tatu kutoka kwake.

Nikaamua kufuatilia. Nikamwomba mjukuu anitafutie kwenye tovuti ya Bunge, Hansard zipo pale kila mtu anaweza kushusha, tukaupata ukurasa wenyewe tukauprinti stesheneri kwa shilingi mia mbili. Nikaenda nao ofisini halmashauri. Kijana niliyemkuta alinipokea vizuri, akanipa kiti, akausoma ule ukurasa mara mbili, kisha akaniambia, "Mzee wangu, hili jibu silijui, mimi nimehamia hapa mwezi wa saba." Akaita mwenzake, naye kahamia mwaka jana. Aliyeandaa jibu kashahama wilaya, mkuu wa idara kastaafu, na faili lenye nakala ya jibu halikuonekana. Sikuona mtu mbaya pale, nasema kweli. Jibu lilisomwa mbele ya Bunge la Jamhuri ya Muungano na huku chini halikuwa na mtu wa kulishika, kila mmoja aliyeligusa aliondoka bila kulikabidhi kwa anayefuata.

Niseme na hili maana nisipolisema nitakuwa sijawa mkweli. Ile sentensi ya kwenye majibu ya Serikali, "kadri ya upatikanaji wa fedha", mimi mwenyewe nimeichapa mara nyingi. Wakati mwingine ni kweli fedha hakuna. Lakini tulikuwa tunajua kabisa kwamba ukishaandika hivyo hakuna tarehe ya kukudai, na kwamba wakiuliza kiasi gani kinahitajika ndipo inabidi mtu akae apige hesabu, ila wasipouliza hakuna atakayekaa. Kwa hiyo naomba wabunge wetu wanielewe vizuri ninapowaambia kwamba swali la "ni lini Serikali itajenga" peke yake ni jepesi mno kwa mtu anayeandaa majibu. Swali linalotutoa jasho ni lile linalodai namba: mwaka fulani kilitengwa kiasi gani, kilichofika kwenye akaunti ni kiasi gani na tarehe ngapi, kimefanya nini, kimebaki wapi. Hapo huwezi kuandika unatambua umuhimu, inabidi ufungue vitabu vya mhasibu.

Halafu yale maswali mawili ya nyongeza ambayo mbunge anaruhusiwa kuuliza papo hapo akishajibiwa. Jamani waheshimiwa, ile ni nafasi adimu sana, waziri hajaiona karatasi yake kabla, na wengi mnaitumia kuuliza "je, yuko tayari kuongozana na mimi baada ya Bunge akajionee?" Anajibu niko tayari, yanaishia pale. Ningependa kusikia mbunge anasimama na Hansard mkononi anasema tarehe fulani kwenye swali namba fulani wizara hii ilisema hivi, leo hii mmetekeleza kwa asilimia ngapi. Hilo tu. Mkifanya hivyo wabunge kumi kwenye mkutano mmoja wa Bunge, nawahakikishia nikiwa mtu niliyekaa upande wa pili wa hizo karatasi, halmashauri zote zitaanza kuweka daftari la majibu.

Wenzetu wamelifikiria hili. India tangu mwaka 1953 bunge lao la chini lina kamati ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi ambazo mawaziri wametoa bungeni, na waziri akiahidi anatakiwa awe ametekeleza ndani ya miezi mitatu, asipoweza anaomba muda kwa kamati. Hapo jirani Uganda wana kamati ya bunge ya ahadi za serikali na utekelezaji wake. Kenya nao wana kamati ya utekelezaji, ingawa wao walipitia kipindi kigumu kwa sababu Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri kwenye ubunge, ikawa maswali yanapitia kwenye kamati miaka mingi mpaka 2023 ndiyo mawaziri wakaanza tena kuja kujibu mbele ya bunge zima. Uingereza mbunge anaweza kupeleka swali la maandishi na likajibiwa kwa maandishi tu bila kusubiri zamu ya kusimama, kwa kawaida wizara inatarajiwa kujibu ndani ya wiki moja hivi, na swali na jibu lake vinawekwa mtandaoni siku hizo hizo, ukiandika neno zahanati pale unaona majibu ya mawaziri kuhusu hilo. Wana kamati inayoangalia ni wizara gani inachelewesha. Hata kule ujanja upo, wizara inaruhusiwa kukataa ikisema kulitafuta jibu kutagharimu zaidi ya pauni 850, lakini angalau kukataa kwenyewe kumeandikwa na mwananchi anakuona.

Sisi Hansard tunazo na Bunge linastahili pongezi kwa kuziweka wazi, tatizo ni kwamba ni kurasa mamia kwa siku moja, mtu wa kijijini mwenye bando la elfu moja atazifungua saa ngapi. Ningeomba Ofisi ya Bunge ifikirie kutoa orodha fupi kila mwisho wa mkutano, jimbo kwa jimbo, swali namba ngapi, wizara gani, iliahidi nini, lini, na kimefanyika nini. Karatasi moja kwa jimbo inatosha. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata pale pale yanapobandikwa mapato na matumizi. Na mkurugenzi anapohama au mkuu wa idara anapohama, hiyo karatasi iwe kwenye makabidhiano kama yanavyokabidhiwa magari na funguo.

Na sisi wananchi tusikae tu. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ofisi ya umma ukiiandikia inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30, wengi hatuitumii. Mimi nimeitumia mwezi uliopita kuuliza kama boma letu lipo kwenye bajeti, nasubiri. Pia tumwandikie mbunge wetu maswali yakiwa tayari yameshaandikwa, tusimvizie kwenye misiba na harusi kumlalamikia kwa mdomo, akirudi Dodoma kashasahau na si kosa lake, anasikia mangapi kwa siku.

Sisi kijijini tumeshakaa, mwenyekiti, mtendaji, nesi mmoja mstaafu na mimi, tumeandika swali la mistari mitano tukampelekea mbunge wetu pamoja na fotokopi ya ule ukurasa wa Hansard. Linasema: Je, fedha za kukamilisha boma la zahanati ya kijiji chetu ambazo Serikali iliahidi kuzitenga zilitengwa mwaka upi wa fedha na ni kiasi gani? Je, zilitolewa tarehe ngapi na ziko kwenye akaunti ipi? Kama hazikutolewa, ni afisa gani anayesimamia ahadi hiyo kwa sasa? Katibu wake amepokea, amegonga muhuri kwenye nakala yetu, na mtendaji ameiweka kwenye mfuko wa nailoni kabatini. Mkutano ujao wa Bunge ukianza tutakuwa na redio pale kwenye duka la mwenyekiti kila asubuhi mpaka tulisikie.

Karani mstaafu,
Kanda ya Ziwa