Kuhusu mbegu unazotaka kumsagia mama

Muheza, Tanga

Mpenzi shoga yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Pole sana kwa kuuguza. Kisukari ni maradhi ya subira, na mama amepata mwana wa kumshika mkono. Ila kabla hujaanika hizo mbegu za stafeli na kokwa la parachichi ili umsagie unga wa kunywa asubuhi, nakuomba unisome kwanza.

Za stafeli usizisage kabisa, zina sumu. Mbegu za jamii hiyo, stafeli na topetope, kuna watu huzisaga kuulia chawa, na unga wake ukiingia jichoni huliunguza vibaya. Ndani yake mna kitu kinaitwa anonasini ambacho hudhuru chembe za ubongo. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliandika juu ya wagonjwa waliokuwa wakitetemeka na kukakamaa mfano wa ugonjwa wa Pakinsoni, na ulaji wa stafeli pamoja na chai ya majani yake ndio ulioshukiwa. Siku mkitengeneza juisi, toa mbegu zote kwa mkono kabla ya kuwasha blenda. Hata mbegu za tufaha ni hivyo hivyo: kumeza mbili tatu kwa bahati mbaya si neno, lakini kuzisaga kwa makusudi ni kujitafutia sumu ya sianidi.

Kokwa la parachichi halinitishi kiasi hicho, ila hao wanaosema linashusha sukari hawajanishawishi. Majaribio yaliyopo mengi ni ya maabara na ya panya. Na mama anameza dawa za hospitali. Ukimwongezea kitu kisicho na kipimo, sukari ikiporomoka usiku hutajua kilichoiporomosha ni kipi.

Mbegu zenye faida ya kweli unazo, na kila siku unazitupa. Fenesi moja lina mbegu mia, mara nyingine hata mia tano, na zote zinaishia jalalani! Inaniuma kweli, maana hicho ni chakula cha maana: wanga, na protini kuliko iliyomo kwenye viazi. Jipake mafuta ya nazi mikononi ulimbo usikugande, zitoe mbegu, zioshe ule utelezi, kisha uzitandaze kwenye ungo kivulini mpaka ganda jeupe la juu likauke. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki, maana hukawii kuzikuta zimechipua. Chemsha kwa chumvi nusu saa hivi, mpaka kisu kizame bila kusukumwa. Ganda jeupe litapasuka lenyewe, ulimenye. Ile ngozi nyembamba ya kahawia iache, inalika. Zikiwa mbichi usizile, zina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokiondoa.

Halafu zipike kama njugu mawe: kitunguu, nyanya, bizari kidogo, tui la pili zichemkie humo, na tui zito mwishoni. Waganda huzichoma wakazitafuna hivi hivi, na kule Kerala, India, huzipika mchuzi pamoja na embe. Kwa mama kumbuka kuwa ni wanga, kwa hiyo siku akila hizo, wali upunguze.

Kwa yeye hasa ningechagua mbegu za maboga. Katika gramu 100 za mbegu zilizomenywa, gramu 30 hivi ni protini, na madini ya zinki na magnesi yamo kwa wingi. Zikaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukigeuzageuza. Zikianza kudatadata, ipua. Ukizitwanga unaunga mboga ya majani badala ya karanga. Kiganja kimoja kwa siku kinamtosha, kwa sababu mafuta yake ni mengi.

Uliniuliza pia kuhusu mbegu za papai kwa minyoo ya watoto. Hapo kuna ukweli. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Nigeria waliochukua watoto 60 wenye minyoo na vimelea vingine vya tumbo. Nusu walipewa mbegu kavu za papai zilizosagwa na kuchanganywa na asali, nusu asali peke yake. Baada ya siku 7, choo kilikuwa safi kwa watoto 23 kati ya 30 wa kundi la mbegu, na kwa 5 tu wa kundi la asali. Inatia moyo, lakini watoto 60 ni wachache, kwa hiyo vidonge vya minyoo vya shule waendelee navyo. Mimi huzikausha nikazisaga badala ya pilipili manga, maana ukali wake ni wa aina ile ile ya haradali. Wifi yako mwenye ujauzito asizitumie.

Siku ya kliniki mwambie daktari kila kitu mama anachotumia, hata chai za mitishamba. Na uniandikie namba za sukari yake za asubuhi, za wiki nzima, nizione. Kukiwa na gari linalokuja huko nitakutumia mbegu za maboga za shambani kwetu, zimeshakauka. Nipe pia habari kama watoto watazipenda za fenesi.

Msalimie sana mama, mwambie namwombea dua.

Shoga yako,
Mama Salum