Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya kila mwezi na ziara za wanafunzi katika maabara yetu ya Ganjoni yalifanyika kama mnavyojua, na kumbukumbu zake anazo katibu.

Linalonilazimu kueleza kwa kirefu ni uamuzi wa Machi wa kutoa shilingi 640,000 katika akiba ili kununua printa ya seli iliyokwisha kutumika, yaani mashine ya kuchapa ngozi kwa seli hai, uamuzi ambao baadhi yenu mmeuita wa mwenyekiti peke yake. Hoja niliileta mimi, lakini kamati nzima iliipitisha, na ningeileta tena. Awali tulikuwa tukiagiza kutoka Ufaransa ngozi ya majaribio iliyo tayari, yaani ngozi iliyokuzwa maabara kwa seli za binadamu ili kupimia vipodozi bila kutumia wanyama, ambayo huhimili safari ya siku chache tu. Mzigo wa Februari ulikaa njiani siku 6. Nilipoufungua mbele ya mweka hazina, jeli ya virutubisho iliyopaswa kuwa ya waridi ilikuwa imegeuka manjano, na seli zilikuwa zimekufa. Fedha zile hazikurudi.

Seli tunazoagiza sasa hufika zimegandishwa, tukazizalisha wenyewe. Fibroblasti, seli za tabaka la ndani la ngozi, huchanganywa na jelatini na aljineti (kitu cha kutengenezea jeli kitokacho katika mwani), printa ikazipanga tabaka juu ya tabaka kupitia sirinji, kalsiamu ikaishikamanisha jeli, kisha keratinositi, seli za tabaka la juu la ngozi, zikapandwa juu na kuachwa zikigusa hewa kwa wiki 2 hivi katika inkubeta ya nyuzi 37, hadi zijenge tabaka gumu la nje. (Walioshauri tutumie mwani wa Kibuyuni wafahamu kwamba ule ni mwekundu, aljineti hutoka katika mwani wa kahawia.)

Waliosema ngozi yetu haitambuliwi wamesema kweli. Mwongozo namba 439 wa OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi), ambao huhesabu kitu kuwa kinawasha ngozi iwapo seli zilizobaki hai ni asilimia 50 au chini, unataka ngozi iliyothibitishwa, nami sijadai popote kwamba yetu imethibitishwa. Lakini tangu 2013 Umoja wa Ulaya umefunga soko lake kwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, na mtengenezaji wa sabuni ya nazi wa hapa Pwani hatasaidiwa na vijana wasiojua ila kufungua vifurushi.

Kati ya wanachama 52, ada ya shilingi 3,000 imelipwa na 21 tu, na deni ni shilingi 93,000. Mkutano wa Agosti tulihudhuria watu 9, akidi haikutimia, ilhali mimi nilivuka feri ya Likoni alfajiri kuuwahi. Umeme ulipokatika usiku mmoja Oktoba, ni mimi na mlinzi tulioivuta waya kutoka jenereta ya jirani ili inkubeta isipoe.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata betri ya akiba na kuongeza melanositi, seli zinazoipa ngozi rangi, kwa kuwa ngozi tunayoichapa sasa haina rangi ya watu wa mji huu.

Mwenyekiti