Wito wa harambee: tupaue boma la shule yetu kabla ya masika

Ndugu zetu wana wa kijiji, mlioko nyumbani na mlioko mbali kwa ajili ya kazi na maisha,

Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na Assalaam aleikum. Kamati ya shule inawaandikia tena, na tunakiri kwamba tunaandika kwa haya, kwa sababu wengi wenu mlitoa fedha za saruji ya msingi miaka mitatu iliyopita mkiamini kwamba kufikia leo watoto wangekuwa ndani ya madarasa. Hawamo. Wako chini ya mwembe ule ule, na ubao umefungwa kwa kamba kwenye shina. Wingu likitanda, mwalimu anaufungua, anajitwika kichwani na kukimbilia kanisani, nao watoto 143, wa awali hadi darasa la tatu, wanamfuata wakiwa wameficha madaftari ndani ya mashati. Kipindi kinaishia hapo.

Mnakumbuka kwa nini tuliomba shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama kwa ajili ya watoto wanaoishi mbali nayo. Shule mama iko ng'ambo ya korongo, na korongo likijaa hakuna mtoto wa miaka sita anayevuka. Ndipo mkutano mkuu wa kijiji ulipoazimia kwamba sisi tujenge hadi lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na Serikali itumalizie, kwa utaratibu unaofahamika karibu nchi nzima. Akina mama walibeba mchanga kwa ndoo, vijana walifyatua na kuchoma tofali, msikiti ukatoa kokoto, na vyumba viwili pamoja na ofisi ya walimu vikasimama. Hilo ndilo boma letu: kuta bila paa.

Hatuandiki ili kuilaumu Serikali. Tangu elimu ya msingi ilipoanza kutolewa bila ada mwaka 2016, uandikishaji uliongezeka kila mahali, na halmashauri yetu ina maboma mengi kuliko fedha za kuyamalizia. Mwaka 2021, katika mpango wa Taifa wa kukabiliana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000, yakiwemo 3,000 ya shule shikizi, kila moja kwa shilingi milioni 20. Wakati huo sisi hatukuwa hata na msingi wa kuonyesha. Sasa tumo kwenye orodha, lakini ombi la kijiji hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, likaenda halmashauri, likafika TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na hatimaye bungeni, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Masika huanza Machi. Hata tukipangiwa fedha katika bajeti ijayo, mvua itakuwa imetutangulia. Wapo wanaouliza kwa nini ruzuku ya uendeshaji isitumike. Ruzuku hiyo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na ndani yake mna vitabu na chaki.

Kinachotunyima usingizi ni ukuta. Kwa kuwa saruji ilikuwa haba, tuliiweka kwenye msingi na lenta, tofali tukazishikanisha kwa udongo. Masika iliyopita udongo uliyeyuka katika pembe ya kusini, na leo ukipitisha kidole kati ya tofali na tofali kinazama hadi kifundo cha pili. Kozi mbili za juu ya lenta zimekwisha kuanguka. Tumefunika sehemu iliyobaki kwa turubai na majani ya migomba, na kila baada ya upepo mzazi mmoja hupanda kuyarudisha. Mtaalamu aliyekuja kukagua alituambia waziwazi kwamba fedha za umaliziaji hutolewa kwa boma lililosimama, na likianguka tutaanza upya na kupoteza nafasi yetu kwenye orodha. Kwa hiyo tunachoomba sasa ni paa peke yake. Sakafu, lipu, milango na madirisha tutaiachia Serikali, kama ilivyokubaliwa.

Zinahitajika bati 110 za geji 28, tunazo 34. Mbao za kenchi zimepatikana nusu. Asiyeweza kutoa bati anaweza kuleta misumari, na aliyeko kijijini asiye na fedha aje siku ya kupandisha kenchi, kwa maana nguvukazi nayo ni mchango. Tunafahamu kwamba kwa kiwango cha wanafunzi 45 kwa chumba vyumba hivi viwili havitatosha, ila vitawatoa wadogo mvuani, na wakubwa wataingia mchana kwa zamu.

Ndugu zetu, tuseme na hili kwa upole. Kila mmoja wetu aliyesoma shule mama alikaa chini ya paa ambalo wazazi wa wenzake walilichangia, wengine bila kuwa na mtoto shuleni. Yupo bibi mmoja kati yetu ambaye wajukuu wake wote wako mjini, naye ameleta bati mbili kwa fedha ya kuku wake. Wapo pia waliotuahidi hadharani katika harambee ya kwanza, na majina yao bado yamo kwenye daftari bila alama. Hatutayasoma mbele ya watu, lakini tunawasubiri.

Mchango ni wa hiari, na hakuna mwanafunzi atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Fedha zitapokelewa kupitia akaunti ya shule na serikali ya kijiji, si mkononi mwa mwalimu. Kila mtoaji atapewa stakabadhi, na mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ofisi ya kijiji na kusomwa katika mkutano mkuu.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho ya Januari, baada ya ibada, pale pale kwenye boma. Fundi amekubali kuanza kupaua wiki ile ile bati zitakapotimia, na malipo yake atayasubiri hadi tuvune.